Mwaka Wangu wa Kutumika Katika Nyumba ya Watu Ulaya

Tangu nirudi kutoka Ujerumani watu wengi wameniuliza habari za huko, na maswali yao kwa kawaida ni mawili: baridi ya Ulaya ni kali namna gani, na fedha nilizoleta ni kiasi gani. Swali la kwanza ni jepesi. La pili hunipa taabu, maana jibu lake huwaudhi wenye kuuliza. Lakini liko swali la tatu ambalo hapana aliyeniuliza bado, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Je, mtu alalaye, alaye na kufanya kazi katika nyumba moja isiyo yake, kazi yake huisha saa ngapi?

Mimi ni mzaliwa wa Wundanyi, katika vilima vya Taita. Baba yangu alikuwa karani wa chama cha ushirika kwa miaka mingi kabla ya kurudi shambani, na Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Tuna shamba la matuta kilimani, na kipande kingine bondeni penye maji, ambapo tunalima kabichi na nyanya za kupeleka Mombasa. Kipande hicho cha bondeni ndicho tegemeo letu.

Nilipomaliza masomo nilikaa miaka miwili bila kazi. Ndipo nikasikia habari za vijana waendao Ujerumani kukaa na jamaa za watu na kuwatunzia watoto kwa muda wa mwaka mmoja. Kazi hiyo huitwa kwa neno la Kifaransa, au pair, na maana yake ni "kwa usawa". Yaani huyo msaidizi si mtumishi wala si mgeni. Huhesabiwa kama mtu wa jamaa, akajifunza lugha na desturi za nchi, naye kwa upande wake akasaidia kazi nyepesi za nyumbani. Mapatano ya nchi za Ulaya juu ya jambo hili yaliandikwa mjini Strasbourg mwaka 1969. Kwa Ujerumani sharti uwe hujatimiza miaka 27, na uwe umefaulu mtihani wa kwanza wa Kijerumani. Mimi nilikuwa na miaka 22, nikajifunza, nikafanya mtihani Nairobi, nikafaulu.

Wakala mmoja alitudai fedha nyingi kwa kututafutia jamaa. Juu ya hizo kulikuwa na nauli ya ndege na gharama za mafunzo. Baba hakusema maneno mengi. Aliliweka shamba la bondeni rehani kwa shilingi 180,000, akaandika hati mbele ya mashahidi wawili, kisha akaniambia, "Mwanangu, shamba hili sikupi, nakukopesha. Sharti lirudi." Maneno hayo nilisafiri nayo.

Niliwasili mji wa Münster mwezi wa Septemba mwaka 2022. Bwana mwenye nyumba alikuwa mhandisi, na Bibi alikuwa daktari wa hospitali. Walikuwa na watoto wawili, msichana wa miaka 6 aliyeanza darasa la kwanza, na mvulana wa miaka 3. Walinipokea vizuri sana. Walinipa chumba changu chenye dirisha, meza na ufunguo. Waliniambia niwaite kwa majina yao ya kwanza, nami jambo hilo lilinishinda kwa wiki nzima, maana kwetu sijazoea kumwita mtu mwenye watoto kwa jina lake tupu. Na siku ile ile ya kwanza Bwana alichukua kipande cha karatasi, akaniomba nimwandikie jina langu sawasawa, akalibandika juu ya sanduku la barua mlangoni, chini ya jina lao. Akanieleza kwamba bila hivyo mleta barua hataacha kitu. Nilitazama jina la baba yangu lililobandikwa ukutani katika nchi ya watu, nikajiona nimekuwa mtu kamili.

Mapatano yetu yalikuwa ya maandishi. Kazi yangu isizidi saa 6 kwa siku, wala saa 30 kwa wiki. Niwe na walau siku moja nzima ya mapumziko kila wiki na jioni nne zilizo zangu, na katika mwaka nipate likizo ya wiki nne. Wao watoe chumba, chakula na bima, wasaidie masomo yangu ya lugha kwa euro 70 kila mwezi, na wanipe mkononi euro 280 za matumizi. Fedha hizo zilikuwa yapata shilingi 34,000 kwa wakati ule. Zaitwa fedha za matumizi, si mshahara, na hapo ndipo wengi wetu hudanganyika tungali nyumbani.

Sasa niwaeleze siku yangu ilivyokuwa. Kazi ilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Niliwaamsha watoto, nikawapa kifungua kinywa, nikatayarisha vyakula vyao vya kuchukua, nikawavika. Kuvika mtoto wakati wa baridi ni kazi kama kufunga mzigo wa punda: suruali juu ya suruali, soksi, koti, kofia, glovu, na ukimaliza tu husema ataka kwenda chooni. Kisha niliwapeleka mmoja shuleni na mwingine shule ya chekechea. Münster ni mji wa baisikeli. Wakubwa kwa wadogo, mapadre na maprofesa, wote huendesha. Mimi sikuwa nimepanda baisikeli tangu utotoni, na siku ya kwanza niliingia kichakani mbele ya yule mtoto wa kike, naye aliwasimulia wazazi wake kwa wiki mbili. Walakini baada ya mwezi niliweza kumpakia mdogo wake nyuma na kuizunguka barabara ya miti iliyoko mahali palipokuwa ukuta wa mji wa zamani.

Saa tatu nilikuwa huru, nikaenda darasani kujifunza lugha. Saa tisa alasiri niliwachukua watoto, nikacheza nao na kuwapa chakula cha jioni. Chakula hicho, wasomaji wangu, ni mkate. Watu wale hula chakula cha moto mchana, na jioni huweka mezani mkate, jibini, nyama baridi na matango. Wiki ya kwanza nilingoja sufuria iletwe, nikalala nikingoja. Saa kumi na mbili na nusu kazi yangu ilikwisha. Ukihesabu, ni saa 6 kamili.

Nilijifunza mengine pia: kutenga takataka katika mapipa yake, karatasi mbali, mabaki ya chakula mbali, kurudisha chupa tupu dukani, maana chupa moja ya plastiki hurudishiwa senti 25 za euro, kutofanya kelele siku ya Jumapili, wakati maduka yote yamefungwa. Na giza la Desemba nalo ni somo. Jua huchomoza yapata saa mbili na nusu asubuhi, na saa kumi na robo jioni limekwisha kuzama. Niliwapeleka watoto gizani, nikawarudisha jioni taa zikiwa zinawashwa.

Katika giza hilo ndipo mambo yalipoanza kubadilika. Hapana aliyenigombeza, wala hapana aliyenitukana. Lilikuja neno moja dogo, nalo ni "kidogo tu". Bibi alipokuwa na zamu ya usiku, aliniomba nikae na watoto kidogo tu mpaka Bwana arudi. Bwana alipochelewa, aliniomba niwalaze. Siku ya mapumziko yangu mvulana alikohoa, nami nikaombwa nimtazame kidogo tu, Bibi apate kulala baada ya zamu. Kisha zikaja nguo za kukunja, sakafu ya kusafisha, mizigo ya sokoni. Kila jambo peke yake lilikuwa dogo, na mtu mwenye adabu hakatai jambo dogo. Tena waliniomba kwa upole, na kushukuru kila mara.

Usiku mmoja wa Jumapili mwezi wa Januari, yapata saa nne, nalikuwa nakunja nguo za watoto, na Bibi akaniita kutoka sebuleni kwa sauti nzuri, akasema, "Tafadhali, kidogo tu..." Sikusikia maneno yaliyofuata. Nilisikia sauti ya mama yangu.

Nilipokuwa darasa la tatu, Mama alimleta msichana wa kutusaidia kutoka nyika za chini, upande wa Voi. Umri wake haukupita miaka 17. Alikaa nasi miaka minne. Alilala jikoni penye magunia ya mahindi, akaamka kuwasha moto kabla ya mtu yeyote, akawa wa mwisho kulala. Hakupigwa hata siku moja, na alikula chakula kile kile tulichokula sisi; kwa hiyo sote tulijihesabu kuwa watu wema. Walakini sikumbuki kumwona ameketi mchana bila kitu mkononi. Mama akiisha kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake usiku, alimwita: "Msichana, nichemshie maji, kidogo tu." Ndiyo, tulimwita "msichana". Jina lake tulilijua, ila hatukulitumia. Na jina la baba yake sikulijua kabisa. Mimi, ambaye jina langu lilikuwa limebandikwa mlangoni pa wageni, sikuweza kukumbuka jina la pili la mtu aliyenibeba mgongoni.

Nilirudi chumbani nikalia, wala sikujua kama najililia mimi au namlilia yeye.

Siku ya pili nilizungumza na Baba kwa simu ya kuonana nyuso. Nalitaraji aniambie nivumilie, kwa ajili ya shamba. Yeye aliuliza swali moja: "Je, umeandika?" Nikamwambia la. Akasema, "Mimi nimekuwa karani miaka 26. Neno lisiloandikwa huchukuliwa na upepo. Andika saa ya kuanza na saa ya kumaliza, kila siku, kwa wiki tatu. Usiongeze hata dakika moja, maana wakigundua uwongo mmoja, na ukweli wako wote utakuwa uwongo. Kisha uzungumze nao mchana, usiwe na hasira, wala wao wasiwe na wageni."

Nilinunua daftari. Wiki ya kwanza nilipata saa 41, ya pili saa 38, ya tatu saa 43. Jumla ni saa 122 mahali pa saa 90. Nilijifunza maneno yangu ya Kijerumani kwa moyo kama mtoto ajifunzaye shairi, na Jumamosi moja baada ya kutoka sokoni niliwaomba Bwana na Bibi tuketi jikoni. Nikaweka mapatano upande mmoja na daftari upande wa pili.

Bwana alilitazama, uso ukambadilika. Akasema, "Sisi twakuhesabu kama mtoto wa nyumba hii, na mtoto wa nyumbani haandiki saa." Neno hili lilinichoma, maana lilikuwa na haki ndani yake. Nikamjibu, "Ni kweli. Lakini mtoto wa nyumbani akichoka huambiwa alale." Hapo maneno yangu ya Kijerumani yalikuwa yamekwisha, nikanyamaza.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa ndefu. Tulisalimiana tu. Niliogopa kuambiwa nifungashe mizigo, maana msaidizi asiyepata jamaa nyingine hana budi kurudi kwao, na shamba la bondeni lilikuwa bado mikononi mwa watu. Siku ya tatu Bibi aligonga mlango wangu. Alikuwa amelinganisha daftari langu na orodha ya zamu zake za hospitali, akaona kwamba niliyoandika ni kweli tupu. Tena akanionyesha jioni moja niliyosahau kuiandika. Akasema, "Mimi mwenyewe kila siku nawalalamikia wakubwa wangu juu ya saa za ziada, nami sikuona kwamba nazileta nyumbani na kukupa wewe." Jioni ile ratiba ilibandikwa juu ya mlango wa friji, ya kila mtu na saa zake. Tangu hapo wakinihitaji zaidi waliniuliza mapema, na saa hizo nikarudishiwa siku nyingine. Sisemi kwamba yote yalikuwa mazuri. Bwana alibaki na ubaridi kidogo kwangu mpaka Pasaka. Lakini nilipata usingizi.

Na sasa nirudi kwenye swali la fedha. Kila mwezi nilimpelekea Baba euro 100. Zilizobaki nililipia nyongeza ya masomo, simu, nauli na nguo za baridi. Katika miezi 12 fedha zilizofika nyumbani zilikuwa kama shilingi 165,000, na zilizopungua Baba alizilipa kwa kabichi. Shamba limerudi. Watu walionitazamia kurudi na fedha za kununulia gari waliona ajabu, na wengine walidhani nazificha. Nami sina la kuwaficha: yeyote atakaye utajiri asiende kwa njia hii. Nilichopata ni lugha, ambayo leo naifundisha kwa vijana wanaoanza mjini Voi, na jambo jingine nitakalowaeleza kabla ya kumaliza.

Niliporudi mwezi wa Agosti mwaka 2023, nilimtafuta yule aliyekuwa msichana wetu. Nilimpata sokoni Mwatate, anauza mboga, naye ni mama wa watoto watatu. Jina lake nalijua kamili sasa, ila si haki yangu kuliandika gazetini. Alifurahi kuniona, akanipa kiti. Nikamweleza habari za saa 30 na daftari langu. Alicheka sana, akasema, "Ati saa! Mimi kwenu sikuhesabu saa, nalihesabu Krismasi. Nilikaa Krismasi nne, na mbili katika hizo sikwenda kwetu, kwa kuwa mlikuwa na wageni." Nikamwomba radhi. Akaangalia mboga zake, akazinyunyizia maji, akasema, "Basi, yamepita. Mwalimu hajambo?" Sikusikia neno la kunisamehe, wala sikuwa na haki ya kulidai.

Nyumbani tunaye msichana mwingine siku hizi. Niliandika karatasi moja ya mapatano: saa zake, mshahara wake, siku yake ya mapumziko. Mama alikasirika. Akasema, "Mimi nimelea watoto wa watu darasani miaka 30, leo wewe wataka kunifundisha kukaa na mtu nyumbani mwangu? Huyu ni kama binti yangu." Ni maneno yale yale niliyoambiwa jikoni Münster. Sikubishana naye. Nilimletea Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007, nikamwonyesha mahali ilipoandikwa kwamba mfanyakazi apate walau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kila mwaka, yenye malipo. Mama aliisoma mara mbili, akavua miwani, akanyamaza. Baba alitia sahihi kama shahidi.

Jumapili iliyofuata yule binti alivaa nguo zake nzuri, akaenda kwao. Mama alipika mwenyewe. Ugali uliungua kidogo, nasi sote tuliula bila kusema neno.

Basi, ndugu wasomaji, nina mashauri mawili tu. Wewe unayempeleka mwanao kutumika katika nyumba ya watu ugenini, soma mapatano yake kabla ya kuweka shamba rehani, na umpe daftari katika mizigo yake. Na wewe uliye na mtoto wa mwenzio jikoni mwako, ukisikia kinywa chako kikisema "kidogo tu", tazama kwanza saa ukutani.